Ukiitwa Kuketi Katika Juri, Nenda Ukaseme Kweli

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya barua ambayo wengi wetu hapa hatujapata kuipokea, lakini watoto wetu na ndugu zetu walioko ng'ambo huweza kuipokea siku yo yote. Ni barua ya korti. Mwenye kuipokea hakushtakiwa kosa, wala hatakiwi kutoa ushahidi. Anaitwa aketi pamoja na watu wengine 11 asiowajua, wasikilize kesi ya mtu wasiyemjua, na mwisho waseme kama mtu huyo ana hatia au hana. Baraza hilo la watu 12 huitwa juri.

Watu wengi hushtuka waionapo barua hiyo. Wengine huificha ndani ya sanduku na kunyamaza, wakidhani kwamba korti itawasahau. Wengine huenda kwa marafiki kuuliza werevu wa kuiepuka. Mimi nasema kwamba barua hiyo ni heshima na ni mzigo kwa pamoja, na kwamba mtu mwungwana huubeba mzigo huo. Ili mpate kuona sababu yake, hapana budi tuanze nyumbani, tukumbuke jinsi mambo yalivyokuwa katika nchi yetu wenyewe.

JURI NA WAZEE WA BARAZA

Kenya ilipokuwa chini ya ukoloni, juri ilikuwapo, lakini haikuwa ya watu wote. Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa mbele ya Korti Kuu alikuwa na haki ya kuamuliwa na juri ya Wazungu wenzake. Mwafrika aliyeshtakiwa kosa lile lile aliamuliwa na jaji, na pembeni ya jaji waliketi wazee wa baraza. Wazee hao walisikiliza mashahidi, kisha kila mmoja alitoa maoni yake. Lakini jaji hakufungwa na maoni yao. Wazee wote wangeweza kusema kwamba mtu hana hatia, naye jaji akamwona ana hatia, na neno la jaji ndilo lililosimama.

Chukueni kesi mbili zinazojulikana. Mwezi wa Novemba mwaka 1956, Dedan Kimathi alisimamishwa kortini huko Nyeri kwa shtaka la kuwa na bastola, na adhabu ya kosa hilo wakati ule wa Hali ya Hatari ilikuwa kifo. Aliyesikiliza kesi alikuwa Jaji Mkuu, pamoja na wazee wa baraza watatu, Waafrika. Wazee hao walisema kwamba ana hatia, na Jaji Mkuu akasema hivyo hivyo. Kimathi alinyongwa mwezi wa Februari mwaka 1957. Hata kama wale wazee watatu wangalisema neno jingine, neno lao lisingalitosha kumwokoa.

Kesi ya pili ni ya Mzungu aliyeitwa Peter Poole. Mwezi wa Oktoba mwaka 1959, alimwua kwa bastola Mwafrika aliyeitwa Kamawe Musunge, baada ya Musunge kuwatupia mawe mbwa wa Poole. Kesi yake iliamuliwa Nairobi na juri ya Wazungu watupu. Neno la juri hiyo lilikuwa na nguvu kamili. Kama wangalisema hana hatia, angalikwenda zake nyumbani siku ile ile. Lakini walisema ana hatia ya kuua kwa kukusudia, na mwezi wa Agosti mwaka 1960 Poole akanyongwa.

Mambo mawili ya kufikiri yamo katika kesi hizi. La kwanza, watu wa nchi moja walipewa mizani mbili, na wenye mizani dhaifu walilijua jambo hilo, likawauma. La pili, wale waliomhukumu Poole walikuwa watu wa rangi yake, na damu ni nzito kuliko maji. Hata hivyo walifuata ushahidi. Basi mtu aweza kukishinda kishindo cha ukoo wake akiamua kulitimiza neno aliloapa. Lakini haifai haki ya nchi itegemee bahati ya kupata watu wa namna hiyo. Ndiyo maana namna ya kuwachagua wanajuri ni jambo kubwa sana.

Siku hizi Kenya haina juri, na wale wazee wa baraza wa Mahakama Kuu waliondolewa na sheria ya mwaka 2007. Jaji au hakimu huamua peke yake. Lakini huko Uingereza juri ingali ikifanya kazi, na hapo ndipo jambo hili linapowahusu jamaa zetu.

BARUA YENYEWE

Huko Uingereza majina ya wanajuri huchukuliwa bila kuchagua kutoka katika orodha ya wapiga kura, kama mtu anavyotia mkono gizani na kutoa punje katika gunia la mahindi. Mtu aweza kuitwa akiwa na umri wa miaka 18 hata 75, ikiwa amekaa nchini humo muda wa miaka 5 tangu alipotimiza miaka 13. Sasa sikilizeni neno ambalo wengi hawalijui. Sheria za Uingereza humruhusu raia wa nchi za Jumuiya ya Madola, aliye na ruhusa ya kukaa huko, kuandikishwa kuwa mpiga kura. Kwa hiyo Mkenya, Mtanzania au Mganda aishiye London au Leicester, akiwa bado ana pasipoti ya kwao, aweza kuitwa katika juri. Mjukuu wa mtu ambaye zamani hakuruhusiwa kuketi katika juri Nairobi aweza leo kuketi katika juri London, na neno lake kuwa sawa na neno la kila mtu aliye pamoja naye.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo, hata kwa Waingereza wenyewe. Wanawake hawakuketi katika juri mpaka mwaka 1920, baada ya sheria ya mwaka 1919 kuwafungulia mlango. Na mpaka miaka ya 1970 ilimlazimu mwanajuri kuwa mwenye nyumba ya thamani fulani, ndipo aitwe. Mpangaji wa chumba kimoja, mtumishi, na kijana akaaye kwa wazazi wake hawakuhesabiwa. Mlango ulifunguliwa kidogo kidogo.

Mtu akiipokea barua hiyo yampasa kuijibu upesi, kwa muda wa siku 7. Akinyamaza, au akikosa kwenda bila sababu, aweza kutozwa faini ya hata pauni 1,000. Ikiwa ana udhuru wa kweli, kama ugonjwa, mtihani au mtoto mchanga, aandike aeleze, na korti yaweza kumpa tarehe nyingine. Huduma hiyo kwa kawaida huchukua siku 10 za kazi, lakini kesi nyingine huendelea zaidi. Korti haimlipi mtu mshahara, ila humrudishia nauli na chakula, na sehemu ya mapato aliyoyakosa kwa ajili ya kuja.

JINSI WATU WANAVYOCHAGULIWA

Asubuhi ya siku ya kwanza mtu hufika kortini, hukaguliwa mlangoni, kisha huingia katika ukumbi wa kungojea. Hapo atawakuta watu wa kila namna: dereva wa basi, mwalimu, muuguzi, fundi wa mabomba, bibi aliyestaafu, kijana aliyemaliza shule mwaka jana. Kazi ya kwanza ya mwanajuri ni kungoja. Aweza kukaa nusu siku asiitwe. Afadhali achukue kitabu.

Kisha kundi la watu, mara nyingi wapatao 15, huongozwa mpaka chumba cha kesi. Karani wa korti huzichanganya kadi zenye majina yao, akazitoa moja moja mpaka 12 zitimie. Mshtakiwa yupo kizimbani anawatazama. Huambiwa kwamba hawa ndio watakaomwamua, na akiwa na neno juu ya mtu ye yote na aliseme kabla mtu huyo hajaapa. Na wale wanajuri huulizwa kama yupo kati yao anayemjua mshtakiwa, au shahidi, au mahali penyewe pa tukio.

Hapa ndipo panapotakiwa ukweli kuliko mahali pengine po pote. Sisi tunaelewa jambo hili vizuri. Wazee wakikutana chini ya mti kuamua mpaka wa shamba, na mmoja wao akawa ni shemeji wa mdai, watu hutazamia kwamba atainuka mwenyewe na kusema, "Mimi niacheni katika hili." Asipoinuka, hukumu ikitoka, hata ikiwa ni ya haki, aliyeshindwa hataikubali maisha yake yote, atasema kwamba kesi ya ngedere ilipelekwa kwa nyani. Basi mwanajuri aliyewahi kuibiwa, akaona moyo wake ungali na uchungu juu ya wezi wote, aseme. Anayemfahamu mama wa mshtakiwa, aseme. Na akiambiwa atoke, asione haya. Hakufukuzwa kama mtu mbaya. Amesaidia haki kwa kutoka, kama mwenzake anavyoisaidia kwa kubaki.

Tena kuna makosa mawili katika jambo hili, na yote mawili ni uwongo. Yupo anayeficha upendeleo wake ili apate kuketi na kulipiza kisasi chake. Na yupo anayejifanya kuwa na upendeleo asio nao ili aende zake nyumbani. Huyu wa pili hujiona mwerevu, na marafiki humcheka kwa kumsifu. Lakini kila mtu mwenye akili akikimbia, ni nani atakayebaki kumwamua mtoto wake siku atakaposhtakiwa kwa uwongo?

KESI YA WATU TISA

Katika kesi moja ya London kuchagua juri kulikuwa karibu sawa na kesi yenyewe. Mtaani Notting Hill palikuwa na mkahawa ulioitwa Mangrove, wa Frank Crichlow, mtu aliyetoka Trinidad. Polisi waliuvamia mara nyingi. Mwezi wa Agosti mwaka 1970, watu weusi waliandamana kuupinga uvamizi huo, kukatokea mapambano na polisi, na watu tisa wakashtakiwa kwa kufanya ghasia.

Kesi yao ilisikilizwa mwaka 1971 katika korti maarufu ya Old Bailey. Washtakiwa waliomba wapewe juri ya watu weusi watupu, wakisema kwamba tangu Mkataba Mkuu wa mwaka 1215, uitwao Magna Carta, mtu huahidiwa hukumu ya walio sawa naye. Jaji alikataa. Lakini zamani hizo sheria ilimpa kila mshtakiwa ruhusa ya kuwakataa wanajuri 7 bila kutoa sababu. Watu tisa, kila mmoja saba, jumla yao 63. Waliitumia ruhusa hiyo yote, na mwisho katika watu 12 walioketi walikuwamo weusi wawili.

Kesi iliendelea kwa siku 55. Mwisho wake juri iliwaona wote tisa hawana hatia ya ghasia, na watano kati yao hawakuonekana na hatia yo yote. Naye jaji alisema wazi kwamba chuki ya rangi ilionekana katika pande zote mbili. Kumbukeni kwamba wanajuri kumi kati ya hao 12 walikuwa weupe. Washtakiwa hawakupata juri waliyoiomba, lakini walipata juri iliyokubali kusikiliza.

Ruhusa ile ya kukataa bila sababu iliondolewa na sheria ya mwaka 1988. Siku hizi mshtakiwa akitaka kumkataa mwanajuri lazima atoe sababu ya haki. Kwa hiyo ukweli wa mwanajuri mwenyewe umezidi kuwa na thamani, kwa maana mara nyingi hakuna mwingine chumbani anayeijua siri ya moyo wake.

KIAPO NA SIMU

Kila mwanajuri huapa, mmoja mmoja, kwa kitabu cha dini yake, Biblia au Kurani au kingine, na asiyetaka kuapa kwa dini hutoa ahadi. Huahidi kwamba ataiamua kesi kwa uaminifu, na kutoa jawabu la kweli kwa kufuata ushahidi. Neno "ushahidi" ndilo kiini cha kiapo hicho. Mwanajuri haamui kwa habari za magazeti, wala kwa uso wa mshtakiwa, wala kwa nguo zake, wala kwa maneno ya sokoni.

Siku hizi maneno ya sokoni yamo ndani ya simu, mfukoni mwa kila mtu. Mwanajuri hushawishika kulitafuta jina la mshtakiwa katika intaneti usiku akiwa nyumbani. Huko Uingereza kufanya hivyo ni kosa, na adhabu yake yaweza kuwa kifungo cha hata miaka miwili. Mwaka 2011 mwanajuri mmoja, mwanamke, alifungwa miezi 8 kwa sababu aliandikiana katika Facebook na mtu aliyekuwa ameshtakiwa katika kesi aliyoisikiliza. Sheria hiyo yaonekana kali, lakini fikirini. Neno lililosemwa kortini wakili aweza kulijibu. Neno lililosomwa kwa siri kitandani hakuna awezaye kulijibu, na laweza kumpeleka mtu gerezani.

CHUMBA CHA SHAURI

Ushahidi ukiisha, jaji hueleza sheria, na wanajuri huingia chumbani peke yao na kumchagua mmoja awe msemaji wao. Wanayosema humo ni siri. Si halali kumweleza mtu baadaye, hata mke au mume. Kwanza hutakiwa wakubaliane wote. Ikishindikana, tangu sheria ya mwaka 1967, jaji aweza kupokea jawabu la watu 10 kati ya 12, baada ya muda wa saa mbili au zaidi.

Katika chumba hicho mtu mpole huona haya kusema, hasa ikiwa Kiingereza chake si cha kuzaliwa nacho. Asione haya. Hakuitwa kwa ufasaha wake, ameitwa kwa akili yake na maisha aliyoyaona. Pengine yeye peke yake ndiye anayejua jinsi duka dogo linavyofungwa usiku, au kwa nini kijana hukimbia amwonapo polisi hata kama hakuiba. Na aliposhawishika kwa hoja, akubali. Lakini asikubali kwa kuchoka, au kwa kuwa wenzake wanataka kuwahi gari moshi.

Uhuru huo ulinunuliwa kwa shida. Mwaka 1670 watu wawili wa dini ya Quaker, William Penn na William Mead, walishtakiwa London kwa kuhubiri barabarani. Juri ilikataa kusema kwamba wana hatia kama korti ilivyotaka. Basi wanajuri wakafungiwa usiku mbili bila chakula, bila maji, bila moto. Walipozidi kushikilia neno lao, walitozwa faini na kupelekwa gerezani. Mmoja wao, Edward Bushel, pamoja na wenzake kadhaa, alikataa kulipa, akapeleka malalamiko yake mbele. Ndipo Jaji Vaughan alipoamua kwamba mwanajuri hawezi kuadhibiwa kwa sababu ya jawabu alilolitoa. Tangu siku hiyo mwanajuri husema bila hofu.

WALIOKO MAREKANI

Neno moja kwa wenye jamaa Marekani. Huko pia juri ipo, lakini uchaguzi wake una maswali mengi zaidi. Jaji na mawakili huwauliza watu juu ya kazi zao, jamaa zao na mawazo yao, na mawakili bado wana ruhusa ya kuwakataa baadhi yao bila kutoa sababu. Lakini katika kesi ya Batson ya mwaka 1986, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliamua kwamba wakili wa serikali hana ruhusa ya kumkataa mtu kwa ajili ya rangi yake.

Tena huko Marekani mwanajuri lazima awe raia wa nchi. Majina huchukuliwa hata katika orodha za leseni za udereva, na kwa hiyo mgeni asiye raia aweza kuletewa barua kwa makosa. Asiitupe, wala asijibu kwamba ni raia, maana uwongo huo waweza kumharibia makazi yake. Ajibu tu kwa ukweli kwamba si raia, naye ataachwa.

Mabibi na Mabwana, waandikieni watoto wenu mambo haya, au wapigieni simu. Waambieni kwamba barua ya juri ikija waijibu, waende wakiwa wamevaa vizuri, wangoje kwa subira, na wakiulizwa waseme kweli. Wakiachwa, warudi kazini kwa amani. Wakiapishwa, wasikilize mpaka neno la mwisho la shahidi wa mwisho kabla ya kukata shauri moyoni. Wazee wetu walikaa nje ya mlango huo kwa miaka mingi wakiwaamulia wengine kwa maoni yasiyo na nguvu. Aliyepewa neno lenye nguvu asilikimbie, na asilitumie vibaya.